Katumwa na Nani? Bolan, Remo, Fundi Jack, Reacher au Smoak: Uanze na Yupi

Mtu akibisha hodi usiku wa manane, mwenye nyumba haulizi kwanza kama mgeni ana misuli. Anauliza: wewe nani, na nani kakutuma? Swali hilohilo ndilo ninalolitumia vijana wanaopenda riwaya za mapambano wakitaka niwachagulie stelingi wa kuanza naye, miongoni mwa wale wa Kimarekani wanaowaadhibu wabaya bila kupitia mahakamani. Ukiwapima kwa ngumi hutaona tofauti. Wote wanapiga, wote wanapigwa kidogo kwa ajili ya kutunza heshima ya adui, na stelingi hafi. Waulize katumwa na nani, hapo ndipo kila mmoja anashika njia yake, na kitabu chake kinamfuata: kasi yake, ucheshi wake, urefu wake, hata ladha inayobaki mdomoni ukifunga ukurasa wa mwisho.

Nimewachukua watano. Mack Bolan na Remo Williams ni wa kizazi cha vitabu vidogo vya jalada laini vilivyokuwa vikiuzwa kwenye vituo vya mabasi na madukani Marekani miaka ya 1970. Jack wa New York ni wa katikati. Jack Reacher na Evan Smoak ndio wa siku hizi, wenye vitabu vinene. Sitawagawia kurasa sawa, maana hawalingani.

Kwa aliyekulia kwenye Willy Gamba wa Elvis Musiba, kipimo kipo tayari mkononi. Gamba katumwa na serikali. Ana Chifu wake, adui zake ni Makaburu na vibaraka wao, na kazi ikiisha anarudi kutoa ripoti. Joram Kiango wa Ben Mtobwa kasogea hatua moja nje: si askari, hana cheo, ila Inspekta Kombora humtafuta mambo yakikwama. Hawa watano wameanzia pale Joram alipoishia, wakaendelea kutembea.

Ukoo wao ni wa zamani. Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa na majarida ya hadithi ya senti 10, yaliyochapwa kwenye karatasi ya bei ya chini inayogeuka manjano kabla hujayapitia tena. Humo alikuwemo The Shadow tangu 1931, na The Spider tangu 1933. Huyu Spider, jina lake halisi Richard Wentworth, alikuwa tajiri wa New York aliyegonga muhuri mwekundu wa buibui kwenye paji la uso la wahalifu aliowaua. Ukumbuke muhuri huo, tutaukuta tena kwa sura nyingine.

Bolan: katumwa na msiba

Mack Bolan alitokea mwaka 1969 katika War Against the Mafia, kitabu cha Don Pendleton kilichotolewa na Pinnacle. Pendleton aliwahi kuwa mwanamaji katika Vita vya Pili vya Dunia, na hilo linaonekana: mtu wake anafikiri kijeshi hata akinywa maji. Bolan ni sajini, mdunguaji wa vita vya Vietnam, na huko porini ana majina mawili. Wengine wanamwita mnyongaji kwa sababu ya idadi ya aliowalenga. Wengine wanamwita Sajini Huruma, kwa sababu hakuwa akiwaacha wanakijiji waliojeruhiwa. Pendleton hakutaka tuchague moja kati ya majina hayo, na sehemu nzuri ya vitabu vyake imekaa kwenye mvutano huo.

Nyumbani kwao ni Pittsfield, Massachusetts. Baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, ana deni kwenye kampuni ya mikopo ambayo nyuma yake wamekaa Mafia. Dar es Salaam ya leo tungesema kaingia kausha damu. Nairobi wangesema kakamatwa na shylock. Deni halipungui. Vitisho vinaanza, kipigo kinafuata, na binti yake anaanza kujiuza ili deni la baba lilipwe. Mzee akija kujua, akili inamruka: anampiga risasi binti, mkewe na mwanawe mdogo, kisha anajimaliza. Anayepona ni yule mdogo peke yake. Bolan anarudishwa kutoka vitani kuja kuzika, na Vietnam harudi tena.

Tulia hapo kidogo, maana wasomaji wengi hupapita mbio. Hakuna mtu wa Mafia aliyemgusa mama yake Bolan wala dada yake. Aliyefyatua risasi ni baba. Pendleton angeweza kuandika kisasi chepesi, ambapo majambazi wanavunja mlango na kuua familia, kama walivyofanya waandishi mia moja baada yake. Yeye akaamua muuaji awe deni. Ndiyo maana Bolan hana mtu mmoja wa kumlipizia: analazimika kuufuata mfumo, ofisi moja hadi nyingine, mji mmoja hadi mwingine. Yeyote aliyewahi kuona jirani akibebewa televisheni na kochi kwa sababu ya mkopo wa wiki mbili ataelewa hasira hii haraka kuliko Mmarekani mwenyewe.

Basi Bolan anajipachika upande wa adui, anavaa sura yao, kisha anawabomoa kwa ndani. Anapoua huacha medali ya ulenga shabaha. Ule muhuri wa buibui ndio huo, umebadilika kuwa kipande cha chuma cha jeshi. Ana sheria moja asiyoivunja: hampigi risasi polisi, hata polisi wakiwa wanamwinda yeye. Katika kitabu cha pili, Death Squad, anakusanya askari wenzake tisa kule Los Angeles wampe msaada. Saba wanakufa. Tangu hapo anakataa kuburuta watu kwenye vita vyake, na upweke wake unaanza kuwa na sababu, si pozi.

Udhaifu? Wanawake wake wengi wapo ili watishwe au waokolewe. Bunduki zinaelezwa kwa upendo ambao binadamu hawaupati. Mafia wake wote wanazungumza kama wamesoma shule moja. Na ukisoma vitatu mfululizo unaanza kubashiri: uchunguzi, kujipenyeza, mlipuko. Ni kama taarabu ya harusini, unajua mtunzaji atasimama wapi, ila unakaa.

Halafu kuna suala la nani kaandika. Pendleton aliandika vile 38 vya kwanza, isipokuwa cha 16, kilichotoka kwa jina la Jim Peterson wakati yeye na wachapishaji wake wako kwenye ugomvi. Kiruke, hutapoteza kitu. Vile sita vya mwisho wake vimepangwa kwa siku za wiki, kuanzia Monday's Mob hadi Satan's Sabbath, siku sita za kufagia mabaki ya Mafia. Baada ya hapo haki zikaenda kwa Gold Eagle, tawi la Harlequin, kampuni ya Canada iliyojijenga kwa kuuza hadithi za mapenzi. Ndiyo, hao hao wa daktari mrembo na nesi mwenye aibu. Waandishi wa kukodiwa wakashika kalamu, vitabu vikazaana kwa mamia pamoja na matawi yake, na Bolan akawa na kambi ya siri huko Virginia, akiwapiga magaidi kwa baraka za Washington.

Jibu sasa lile swali letu. Kuanzia kitabu cha 39 Bolan katumwa na serikali. Amekuwa Willy Gamba, bila Chifu mwenye maneno na bila ule utanashati wa Gamba. Ndiyo maana nasema soma vile vya Pendleton, vinavyobaki ukivikuta kwa bei ya kutupa chukua kimoja cha safarini, usivikusanye.

Remo: katumwa na ofisi isiyokuwepo

Miaka miwili baadaye, 1971, Pinnacle haohao walitoa Created, The Destroyer, kazi ya Warren Murphy na Richard Sapir. Ukiviona vitabu hivi viwili vimelala pamoja kwenye turubai la muuza vitabu utadhani ni ndugu wa tumbo moja: ukubwa uleule, jalada lenye mwanaume aliyekunja uso, namba kubwa juu. Usidanganyike. Mmoja ni msiba, mwingine ni dhihaka.

Remo Williams ni polisi wa Newark, yatima aliyelelewa na masista. Anabambikiwa kesi ya kumuua muuza dawa za kulevya, anahukumiwa kifo, anakalishwa kwenye kiti cha umeme, swichi inashushwa. Anaamka. Waliombambikia kesi ndio hao hao waliohakikisha hafi, kwa sababu walitaka mtu asiye na ndugu wala jina, mtu ambaye hata kaburi lake lipo. Ofisi inaitwa CURE, imejificha ndani ya hospitali ya Folcroft huko Rye, jimbo la New York. Imeanzishwa na Rais aliyeona kwamba nchi ikifuata Katiba yake itaangamia, na ikiitupa Katiba itakuwa imeshaangamia. Basi akaunda chombo cha kuivunja kisirisiri ili watu waendelee kuiamini. Rais anaweza kuiomba CURE ifanye kazi fulani. Kuiamuru, hawezi, isipokuwa amri moja tu: ijifunge.

Hapo ndipo Murphy na Sapir wanamzidi Pendleton akili. Bolan hajiulizi sana kama ana haki. Machozi yake yanamjibia. Remo anatumwa na mkurugenzi mkavu, Harold Smith, bahili anayehesabu gharama za kila maiti. Mauaji yamekuwa karatasi za ofisini. Ukicheka, unacheka huku umekunja uso.

Lakini watu hawanunui vitabu hivi kwa sababu ya Smith. Wanavinunua kwa sababu ya Chiun. Mzee huyu ni Bingwa wa Sinanju, kijiji cha wavuvi Korea Kaskazini ambako ardhi ni mbovu na bahari haina samaki wa kutosha. Zamani njaa ikizidi, watoto wachanga walikuwa wakitupwa baharini, na kwa lugha ya kijiji ilisemwa wanarudishwa nyumbani. Ili hilo lisitokee tena, kila kizazi mtu mmoja hujifunza kuua kwa mikono mitupu na kwenda kuwatumikia wafalme wa dunia kwa dhahabu. CURE inamlipa vivyo hivyo: dhahabu inapelekwa Sinanju kwa nyambizi.

Chiun hamsifu Remo hata mara moja. Anasema mwanafunzi wake ana miguu mizito, hana shukrani, anakula kama mnyama. Mwenyewe anapenda tamthilia za mchana kwenye televisheni kuliko kitu chochote duniani, na anayemkatiza akiwa anatazama hafiki jioni. Nimewahi kuona wachambuzi wa Kimarekani wakimwita mhusika wa ajabu na wa kigeni. Kwetu si mgeni hata kidogo. Ni yule babu anayekuambia umepata daraja la pili, basi wenzako wa daraja la kwanza wao walikula nini? Mapenzi yake yamejificha ndani ya lawama, na kadiri vitabu vinavyosonga unagundua kwamba hadithi nzima ni ya mzee asiye na mwana na kijana asiye na baba, wanaobishana kuhusu wali.

Tahadhari mbili. Kwanza, katika kitabu cha kwanza Chiun bado hajawa Chiun huyu. Ni kitabu kikavu, cha upelelezi wa kawaida, na wengi wameishia hapo wakajinyima utamu. Kianze ukijua hilo, au ruka uende cha tatu, Chinese Puzzle. Pili, vitabu hivi vinakejeli kila taifa, na si kila kejeli ina akili. Nyingine ni tusi tu lililovaa kofia ya utani. Cha 12, Slave Safari, kinakuja Afrika kwenye nchi ya kubuni, na Afrika yenyewe ni ya kuchorwa ukutani kwa mkaa. Mimi nilikisoma nikacheka mara tatu na kukitupa mara mbili. Filamu ya 1985 nayo ilimpa Joel Grey, Mmarekani mweupe, nafasi ya Chiun kwa kupakwa vipodozi usoni. Leo lingekuwa zogo, na kwa haki.

Kati ya hawa wawili, anayetaka hasira amchukue Bolan, anayetaka mazungumzo amchukue Remo. Bolan ukimsoma kwenye daladala utapitiliza kituo. Remo utacheka peke yako, na konda atakuangalia.

Kabla hatujaendelea, neno moja. Sisi tunaosoma vitabu hivi Afrika Mashariki tunajua kelele ya "mwizi!" inavyoanza na inavyoishia. Tumeona tairi. Kujichukulia sheria mkononi kwetu si hadithi. Ndani ya riwaya mwandishi anakuwekea uhakika: umemwona mbaya akitenda, hakuna aliyesingiziwa. Barabarani hakuna mwandishi. Tena hata ule utamaduni wetu wa wananchi kujilinda ulikuwa wa namna nyingine. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kijiji kizima, wana viongozi, wanakaa kikao. Stelingi wa Kimarekani hana kikao. Hana hata kwao. Bolan kazika karibu wote, Remo hakuwahi kuwa nao, Reacher hana anwani, Smoak katolewa kwenye nyumba ya watoto. Ndoto inayouzwa humo, kabla ya bunduki, ni ya mtu asiyedaiwa na ukoo, asiyepigiwa simu ya mchango wa harusi.

Fundi Jack na Reacher: mteja na barabara

Aliyevunja kidogo kanuni hiyo ni Jack wa F. Paul Wilson, daktari wa New Jersey aliyekuwa akiandika huku anatibu. Kwa Kimarekani anaitwa Repairman Jack. Kwetu angekuwa Fundi Jack, na jina lingemkaa vizuri zaidi. Anakaa New York bila utambulisho wowote wa serikali. Fikiria mtu asiye na kitambulisho cha NIDA, asiye na akaunti, asiyewahi kulipa kodi, halafu anaishi vizuri kuliko wewe. Katumwa na nani? Na mteja. Unamweleza tatizo lako ambalo polisi hawawezi au hawataki, mnapatana bei, anakwenda kulitengeneza. Sifa yake ni kwamba anapenda mbaya aanguke kwenye shimo lake mwenyewe, bila kujua nani kamsukuma. Kwa hiyo humo kuna ujanja mwingi kuliko risasi, kidogo kama hadithi za sungura. Na ana mwanamke anayempenda na mtoto wa mwanamke huyo, jambo linalomfanya awe na kitu cha kupoteza.

Alianza mwaka 1984 katika The Tomb, jina ambalo mwandishi hakulitaka. Ndani ya hadithi hakuna kaburi lolote. Mteja ni mwanadiplomasia wa Kihindi mwenye mkono mmoja, anayetafuta mkufu wa bibi yake. Kidogokidogo inajitokeza kwamba mteja naye ana kisasi, cha tangu mwaka 1857, dhidi ya kizazi cha ofisa wa Kiingereza aliyepora hekalu. Unawaona wawili wanaojichukulia sheria mkononi wamekaa meza moja, na kwa muda huna uhakika nani ana haki zaidi. Kisha yanakuja mazimwi.

Nasema wazi ili mtu asinilaumu: haya ni mazimwi ya kweli, ya kula watu. Fundi Jack yumo ndani ya hadithi kubwa ya kutisha. Asiyependa mambo ya majini kwenye riwaya ya mtaani aache. Na India ya kitabu hicho ni ya wageni, imejaa mafusho na miungu yenye kiu. Mwishoni Wilson alimwacha Jack mahututi, na riwaya ya pili ya Jack mwenyewe, Legacies, haikutoka hadi 1998, miaka 14 baadaye. Vitabu vya baadaye vinashikana sana. Ukianza katikati utapotea.

Reacher ni kinyume chake kwa kila kitu. Lee Child ni Mwingereza, jina lake halisi Jim Grant, aliyepoteza kazi ya televisheni huko Manchester mwaka 1995. Akanunua karatasi na penseli, akaandika Killing Floor, kilichotoka 1997. Jack Reacher ni meja mstaafu wa polisi jeshi, ana sentimita 196, na mali yake yote ni mswaki wa kukunja. Nguo zikichafuka ananunua nyingine za bei chee, za zamani anatupa. Hapo mama yangu angemkemea hadi asubuhi. Katika kitabu hicho anashuka kwenye basi karibu na mji mdogo wa Margrave, Georgia, kwa sababu tu aliwahi kusikia kwamba mwanamuziki wa zamani Blind Blake alifia maeneo hayo. Anaagiza mayai na kahawa. Kabla hajamaliza, polisi wanamtia pingu kwa mauaji asiyoyajua.

Katumwa na nani? Na hakuna. Na basi. Huo ndio utamu wake na ndio ubovu wake pia. Utamu, kwa sababu kila kitabu kinaanza upya, huhitaji kukumbuka chochote. Ukikuta cha kumi kabla ya cha pili, soma. Ubovu, kwa sababu mtu asiyetumwa na yeyote hana wa kumwajibisha, na vitabu vinavyosonga mbele vinazidi kumfanya asikosee. Mimi hupenda zaidi anapokuwa na mabosi. Katika The Enemy ya 2004 tunarudishwa mwanzoni mwa 1990, Reacher bado kavaa gwanda, kuna majenerali juu yake, na kila ngumi ina gharama. Hicho nakiweka juu ya vyote. Tangu 2020 vitabu vinatoka kwa jina la Child pamoja na la ndugu yake Andrew, na kwangu mimi chumvi imepungua.

Kuhusu filamu na tamthilia: Tom Cruise wa 2012 alikuwa mfupi mno kwa nafasi hiyo, mashabiki walinuna. Alan Ritchson, tangu 2022, ana mwili wenyewe. Ukianzia kwenye tamthilia, msimu wa kwanza ni hicho kitabu cha kwanza, kwa hiyo siri zake zitakuwa zimeshakwisha.

Smoak, kwa ufupi

Evan Smoak wa Gregg Hurwitz alianza 2016 katika Orphan X. Kachukuliwa akiwa na miaka 12 kutoka nyumba ya watoto huko Baltimore, kafundishwa kuua kwa ajili ya serikali, kisha kakimbia. Sasa ana namba ya simu. Ukimpigia anakuuliza kama unahitaji msaada, na malipo yake ni moja: umtafute mtu mwingine mmoja aliyekwama na umpe namba hiyo. Kwa hiyo katumwa na aliyetendewa kabla yako. Jibu zuri kuliko yote matano, nakiri. Bahati mbaya mwandishi anapenda vifaa: milango ya siri, kioo kisichopenya risasi, vodka za bei ya kodi ya mwezi. Sehemu ninayoipenda ni ndogo na ya kuchekesha, pale muuaji huyu hatari anapolazimika kuhudhuria kikao cha wakazi wa ghorofa lake kule Los Angeles na kujibu kwa nini hakuja kile kilichopita.

Lugha, kurasa na mfuko

Kiingereza cha Reacher ndicho rahisi kuliko vyote: sentensi fupi, maneno ya kila siku. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anafika mwisho. Shida ni unene, kurasa 400 na zaidi. Smoak ni mnene vilevile, na majina ya vifaa yatakuchosha. Bolan ni kurasa 180 hivi, lakini ana maneno ya kijeshi na ya kihuni ya miaka ile. Yaruke, maana inajipa. Remo ni mfupi kama Bolan na mgumu kuliko wote, si kwa msamiati, bali kwa sababu nusu ya utani unawalenga wanasiasa na watangazaji wa Marekani ya miaka ya 1970. Vicheko vya Chiun havihitaji maelezo. Vya Washington vinahitaji.

Mwenye miaka 15 asipewe Bolan wala Fundi Jack bila mkubwa kuvipitia kwanza. Biashara ya ngono ipo wazi kwenye cha kwanza cha Bolan, na Jack ana kurasa za damu ambazo zitamwamsha usiku. Reacher ana ukatili, lakini hukaa kwenye ngumi.

Mtu akinibana nimpe kimoja tu, kwanza namwuliza aliwahi kumpenda nani. Aliyempenda Gamba kwa sababu ya mapigano, namkabidhi War Against the Mafia. Aliyempenda Joram kwa sababu ya maneno yake ya kejeli, namkabidhi Remo wa tatu na kumwomba avumilie kurasa 20. Asiyewahi kusoma chochote cha namna hii achukue Killing Floor. Smoak ni wa mwenye kusikiliza vitabu kwenye simu akiwa jikoni. Ukikosa dakika mbili kitunguu kinapoungua hupotei. Fundi Jack simpi mtu, huwa nasubiri aniombe.

Na kama unanunua vilivyotumika, vile vya kuchagua kwenye turubai, usiangalie jalada. Nakala yangu ya kwanza ya Bolan ilikuwa na jalada safi kabisa, na ilikatikia kwenye ukurasa wa 161, mlango umeshalipuliwa, moshi haujatulia. Fungua kwanza mwisho, hesabu kurasa, ndipo uulize bei.